Filta Inayoifaa Injini: Hesi Kwanza, Karatasi Baadaye

Kwenye meza ya duka la spea Mtaa wa Gerezani, Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, filta mbili za oili zinaweza kuwekwa sambamba na mnunuzi asione tofauti. Urefu ni mmoja, unene ni mmoja, na mpira wa gasketi unakaribiana. Moja ni ya Toyota ndogo ya petroli, nyingine ni ya Nissan au Honda. Tofauti imejificha kwenye tundu la katikati. Tundu la filta ya Toyota limekatwa hesi ya robo tatu ya inchi, yenye mitaro 16 kwa kila inchi. La ile nyingine limekatwa hesi ya milimita 20, ambayo mitaro yake imeachana kwa milimita 1.5.

Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Hesi hizo mbili, basi, zinazidiana kwa kipenyo kisichofika milimita moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Filta ya milimita 20 ikifungwa kwenye stadi ya Toyota huingia, huzunguka na hata kukaza mpira ukigusa bloku, lakini hesi zimeshikana kwenye ncha tu. Asubuhi injini ikiwa baridi na oili ikiwa nzito, presha hupanda kuliko wakati mwingine wowote, na filta iliyoshikwa kwa ncha huweza kung'oka. Pampu ikiendelea kuzunguka, oili yote huishia chini ya gari kabla dereva hajajua kuna nini.

Kwa hiyo swali ambalo wenye magari huwauliza mafundi kila siku, kwamba filta gani ni bora, linahitaji kupangwa. Jambo la kwanza ni filta kufunga sawasawa kwenye injini. La pili ni valvu zake kufanya kazi kwa vipimo ambavyo injini ilitengenezewa. La tatu ni uwezo wake wa kuchuja. Matangazo huanza na hilo la tatu, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mnunuzi aanze na la kwanza.

Kinachosaga injini

Wazo la kuchuja oili ndani ya gari lina umri wa karne moja. Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni filta ya oili ya magari mwaka 1923 na kuipa jina la Purolator. Kabla ya hapo kinga ilikuwa wavu wa chuma tu, na kumwaga oili mara kwa mara.

Leo safari ya oili katika injini nyingi ni moja. Pampu huivuta kutoka kwenye sampu, huisukuma ndani ya kopo la filta kupitia matundu madogo ya pembeni, nayo hupenya karatasi iliyokunjwa kutoka nje kwenda ndani. Kisha hutokea kwenye tundu la katikati na kwenda kulainisha beringi za krankshafti, kamshafti na sehemu nyingine. Injini ya 1NZ-FE, inayopatikana kwenye Vitz, IST na Probox nyingi, hubeba lita 3.7 hivi za oili pamoja na ile ya ndani ya filta. Gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, oili hiyo hupita kwenye filta mara kadhaa kwa dakika.

Uchafu unaozuiwa ni masizi, vipande vya chuma vilivyosagika na vumbi lililopenya kwenye njia ya hewa. Vumbi la barabarani limejaa mchanga laini, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko madini ya beringi. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, yaani sehemu 70 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Utando wa oili unaotenganisha beringi na krankshafti injini inapofanya kazi ni mwembamba kuliko hapo mara nyingi. Chembe zinazolingana na utando huo ndizo zinazokwaruza, kwa kuwa zinapenya katikati na kugusa pande zote mbili kwa pamoja. Jicho haliwezi kuziona.

Mwaka 1988 jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, ilichapisha utafiti wa David Staley uliolinganisha ubora wa filta na kasi ya injini kulika. Ikilinganishwa na filta ya maikroni 40, filta ya maikroni 30 ilipunguza ulikaji kwa asilimia 50, na ya maikroni 15 ikaupunguza kwa asilimia 70. Injini za majaribio zililishwa vumbi kwa makusudi, kwa hiyo asiyetoka kwenye lami asitarajie faida kubwa kiasi hicho. Lakini anayeendesha Noah kwenye barabara ya vumbi kila siku yuko karibu zaidi na majaribio yale kuliko na barabara za Tokyo.

Valvu mbili zisizoonekana

Ndani ya filta ya kopo huwa kuna valvu ambazo mnunuzi huzisahau kwa sababu haziandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Ya kwanza ni mpira mpana ulio nyuma ya matundu madogo. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Ukishindwa kazi, filta hulala tupu usiku kucha, na asubuhi injini hugonga kwa sekunde mbili tatu kabla oili haijafika juu. Filta za bei ya chini hutumia mpira wa kawaida, unaokakamaa kwa joto. Filta nzuri nyingi hutumia silikoni, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya chungwa na hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Kwa injini ambayo filta yake imelala ubavu au imeelekezwa mdomo chini, silikoni inastahili nyongeza ya bei.

Ya pili ni valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito sana kwa baridi, valvu hii hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko beringi kukauka. Filta nyingi huifungua pale tofauti ya presha kati ya pande mbili za karatasi inapofika kati ya paundi 8 na 16 kwa inchi ya mraba. Subaru za injini za familia ya EJ, zilizomo kwenye Forester, Impreza na Legacy nyingi za Kenya, zina pampu inayosukuma oili kwa wingi, na filta zake halisi huhitaji kama paundi 23. Mwenye Forester akifunga filta ya kawaida yenye hesi ile ile ya milimita 20, gari litawaka na kutembea bila kulalamika. Lakini valvu itakuwa inafunguka mapema, na sehemu ya oili itakuwa inaruka karatasi aliyoilipia.

Kuna injini nyingine ambazo valvu ya dharura imewekwa kwenye bloku, na filta yake haina valvu hiyo. Ndiyo maana kulinganisha filta kwa macho hakutoshi. Namba ya spea ndiyo inayobeba vipimo vyote kwa pamoja. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, namba inayojulikana sana madukani ni 90915-YZZE1. Kampuni nyingine za filta huchapisha majedwali yanayoonyesha ni filta yao ipi inayolingana na namba kama hiyo. Muuzaji makini hufungua jedwali, hata anapodhani anajua kwa kichwa.

Karatasi, kioo na namba za boksi

Karatasi ya filta ya kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za mti. Nyuzi hizo ni nene na hazilingani, kwa hiyo matundu kati yake ni makubwa hapa na madogo pale. Daraja linalofuata ni mchanganyiko wa nyuzi za mti na nyuzi za viwandani. La juu ni nyuzi za viwandani tupu, mara nyingi za kioo, ambazo ni nyembamba na zinalingana. Hizo huzuia chembe ndogo zaidi bila kuikaba oili, hushika uchafu mwingi zaidi, na hazidhoofishwi na maji au asidi inayojikusanya kwenye oili ya zamani.

Boksi likisema tu "maikroni 20", halijasema kitu. Hata wavu wa dirishani huzuia baadhi ya chembe za maikroni 20. Taarifa yenye maana hutaja mambo mawili pamoja: ukubwa wa chembe na asilimia inayozuiwa. Filta inayozuia asilimia 99 ya chembe za maikroni 20 ni tofauti kabisa na ile inayozuia asilimia 50 ya chembe hizo hizo, ingawa zote mbili zinaweza kuandikwa namba moja. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni ISO 4548-12, ambapo oili yenye vumbi maalumu huzungushwa kwenye filta tena na tena huku chembe zikihesabiwa kabla na baada ya kupita. Kampuni inayotaja kipimo hicho na asilimia yake imejiweka mahali inapoweza kuhojiwa.

Ushauri wa bei ni huu. Anayemwaga oili kila kilomita 5,000 kwa Vitz ya mjini anatoshelezwa na filta halisi ya karatasi yenye namba sahihi. Anayetumia oili ya sinthetiki na kwenda kilomita 10,000, mwenye injini ya turbo, na anayeishi na vumbi mwaka mzima, hao ndio wanaopata thamani ya filta ya nyuzi za viwandani. Na wote wakague kwanza filta ya hewa. Boksi lake likiwa na klipu iliyovunjika au bomba lililopasuka, vumbi huingia ndani ya injini haraka kuliko filta yoyote ya oili inavyoweza kulitoa.

Kurekebisha: filta kubwa, filta ya mbali

Njia nyepesi ya kuboresha ni kufunga filta ndefu kuliko iliyokuja na gari. Karatasi huwa nyingi zaidi, huchukua muda mrefu kuziba, na injini hupata oili kidogo ya ziada. Mafundi hufanya hivyo kwa Toyota kwa sababu hesi ya robo tatu ya inchi imetumika kwenye injini zake nyingi za petroli. Masharti ni manne, na yote ni ya lazima: hesi iwe ile ile, mpira wa gasketi ukae wote juu ya uso laini wa bloku, valvu ya dharura iwe ya kipimo kile kile, na kopo lisikaribie egzosi, shafti ya gurudumu wala ardhi. Filta inayoning'inia chini ya kinga ya injini itapigwa jiwe siku moja. Baada ya kubadili, kiwango cha oili kisomwe upya kwa kijiti.

Gari linaloonyesha vizuri faida na gharama ya marekebisho makubwa ni Volkswagen Beetle ya zamani. Injini yake inayopozwa kwa hewa hubeba lita 2.5 tu za oili na haina filta, ina wavu wa chuma chini ya sampu. Ndiyo maana oili yake humwagwa kila kilomita 5,000 au chini ya hapo. Beetle za mwisho zilizoundwa Mexico, zenye mfumo wa kupuliza petroli, ziliwekewa filta katika miaka ya 1990. Wanaotunza Beetle na Kombi za zamani hufika huko kwa kubadili kifuniko cha pampu. Oili hutolewa pale, hupita kwenye mpira wa presha hadi kwenye filta iliyofungwa pembeni, kisha hurudi kwenye njia kuu ya oili kupitia tundu lililokatwa hesi kwenye bloku.

Kazi hiyo ya kutoboa hufanywa injini ikiwa imefunguliwa yote, ili vumbi la chuma lisibaki ndani. Kuna jambo jingine ambalo fundi wa Beetle hapaswi kulisahau: valvu ya kupunguza presha iko baada ya filta mpya kwenye njia ya oili, kwa hiyo filta hupokea presha yote ya pampu ikiwa baridi. Kopo dhaifu, pampu kubwa kupita kiasi na oili nzito asubuhi ni mchanganyiko unaoweza kupasua filta.

Kwa magari ya kisasa, vifaa vya kuhamishia filta mbali hununuliwa vikiwa tayari, na huwasaidia wenye magari ya safari za porini ambao filta yao imejificha mahali pabaya. Lakini kila kiungo kilichoongezwa ni mahali papya pa kuvuja. Mipira iwe ya oili ya moto yenye presha, viungo vyake vibanwe kwa mashine, na isisuguane na chuma chochote. Mpira wa petroli uliofungwa kwa klipu za kawaida haufai hapa hata kwa siku moja.

Sumaku zinazobandikwa nje ya kopo pia zinauzwa sana. Hukamata chuma, lakini haziwezi kukamata mchanga, aluminiamu wala shaba. Sumaku nyingi za kawaida za neodimi huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi joto 80, ilhali oili ya injini hufika 90 na zaidi. Nati ya kumwagia oili yenye sumaku iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hutoa faida ile ile, tena fundi huiona kila anapoifungua.

Filta isiyo na kopo

Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyoingia sokoni 2009, na magari mengi ya BMW na Mercedes hayana filta ya kopo. Kuna nyumba ya kudumu kwenye injini, na kinachobadilishwa ni karatasi pamoja na mpira wa duara wa kifuniko. Faida ni kwamba karatasi ya zamani huonekana wazi kila inapotolewa. Hasara ni kifuniko. Kwenye Prius hiyo hufunguliwa kwa soketi maalumu ya milimita 64 hivi, na hukazwa kwa nyutoni-mita 25 tu. Fundi anayetumia nyundo na bisibisi hukivunja, kisha hukibandika kwa gundi. Mwenye gari la aina hii ni vizuri anunue soketi yake na kuiweka kwenye buti. Mpira wa duara wa zamani usirudishwe hata kama unaonekana mzima.

Kuikagua feki dukani

Filta feki huwa na boksi zuri kuliko tumbo lake. Mnunuzi ana haki ya kuifungua na kuitazama kabla ya kulipa. Hesi iwe safi, isiyo na makapi ya chuma. Mpira wa gasketi ukae imara kwenye mfereji wake. Kidole kikiusukuma mpira wa ndani kupitia tundu dogo, usogee na kurudi wenyewe. Ndani ya tundu la katikati, mrija wa chuma uonekane umenyooka, na karatasi isichezecheze kopo likitikiswa. Namba kwenye kopo ilingane na ya boksi, na maandishi yasifutike kwa kucha. Risiti idaiwe, kwa kuwa bila risiti malalamiko kwa Tume ya Ushindani nchini Tanzania, au kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia nchini Kenya, hayana pa kuanzia.

Muda na ufungaji

Kibandiko kilichokuja na gari kutoka Japani kisimdanganye mtu. Ratiba ya Toyota ya huko kwa injini za petroli zisizo na turbo ni kilomita 15,000, lakini mtengenezaji huyo huyo huikata nusu kwa matumizi magumu, yakiwemo safari fupi fupi na barabara mbovu. Hayo ndiyo matumizi ya kawaida ya Afrika Mashariki, na kilomita 5,000 ni kadirio la busara kwa gari la vumbi. Desturi ya Japani ya kubadili filta kila baada ya kumwaga oili mara mbili haifai hapa. Oili mpya na filta mpya ziende pamoja.

Ufungaji wenyewe ni wa dakika chache. Kwanza fundi ahakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye bloku, maana mipira miwili ikipandana mmoja huchomoka na oili humwagika. Uso wa bloku ufutwe kwa kitambaa safi. Mpira mpya upakwe oili kidogo, filta izungushwe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ikazwe kwa mkono robo tatu ya mzunguko zaidi, isipokuwa maelekezo ya kopo yakisema vingine. Injini ikiwashwa, isikanyagwe mafuta mpaka taa ya oili izimike. Baada ya dakika chache izimwe, chini ya gari pakaguliwe, na kijiti kisomwe tena.

Filta iliyotolewa iachwe mdomo chini usiku mzima ili ichuruzike, na oili yake ikusanywe pamoja na iliyomwagwa, isiende mtaroni. Kisha ikatwe kwa kikata kopo cha duara kisichoacha makapi, maana msumeno wa chuma hutia vipande vyake kwenye ushahidi. Karatasi ikunjuliwe, ikamuliwe na kutazamwa juani. Vumbi jeusi laini ni la kawaida. Vipande vinavyorukia sumaku ni chuma, na vinavyong'aa bila kurukia huenda vimetoka kwenye pistoni au beringi. Rangi ya shaba huonyesha kuwa tabaka la juu la beringi limekwisha. Utando kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Nyuzi laini zinazovutika ni silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye sampu, nazo huweza kuziba wavu wa pampu. Karatasi hiyo ipigwe picha kwa simu na iandikwe kilomita za gari na tarehe, ili filta inayofuata ilinganishwe nayo. Vipande vinavyong'aa vikiongezeka kati ya picha mbili, sampu ifunguliwe kabla gari halijarudi barabarani.